Mshauri wa Video za Poka

Vitus wa Malangali alikuwa na mali moja tu duniani, pikipiki nyekundu, na ndiyo iliyomwokoa miaka yote. Akimlaghai mtu Sumbawanga mjini asubuhi, mchana ilikuwa imeshamfikisha Kasanga. Kwa mdomo aliingia mjini, kwa pikipiki alitoka.

Siku moja yuko sokoni anakunywa uji wa ulezi, akamsikia mnunuzi wa maharage, Mama Asnath, akiwauliza vijana: "Mpwa wangu anashinda karata za kwenye simu kila siku. Anasema kajifunza kwa video. Sasa hizo tovuti za kufundisha ziko chungu nzima, nichague ipi?"

Vitus akauacha uji nusu kikombe.

"Shikamoo, mama. Umefika penyewe. Mshauri wa tovuti za poka kanda hii ndiye mimi."

"Marahaba. Poka? Ndiyo kupoka mali za watu?"

"Hapana, mama, ni jina tu la mchezo huo wa karata."

Mchezo wenyewe ulikuwa umeshaungama kwa jina, lakini majina nani anayasikiliza?

Akamwonyesha tovuti tatu: ya ghali, ya rahisi na ya wastani. Zote alizitengeneza yeye, juzi tu, kwa video za kuokoteza, ili mteja awe huru kabisa kuchagua aibiwe na Vitus yupi.

"Hii ya ghali walimu wake mabingwa watupu. Ada magunia kumi tu ya maharage."

Mama Asnath hakutaka kuona mwanzo wa video. Mkononi alishika bambo, kile chuma cha kutobolea gunia ili uone nafaka ya ndani, na kila kitu alikinunua kwa tabia hiyo.

"Juu hata mwizi hupanga vizuri. Peleka katikati."

Vitus hakuwahi kufika katikati. Alisogeza video, karata zikatoweka. Akatokea bibi harusi ukumbini, kainamisha uso, kanuna kama ilivyo ada, huku watu wakipiga vigelegele.

"Hii nini?"

"Ndiyo somo kuu, mama!" Vitus alijibu hata bila kumeza mate. "Mtazame huyo. Ana furaha? Ana huzuni? Anampenda bwana harusi, au anawaza kutoroka?"

"Haijulikani."

"Basi! Ukipata karata nzuri, uso huo. Ukipata mbaya, uso huohuo."

Mama Asnath alimtazama bibi harusi kwa muda mrefu.

"Kumbe," akasema. "Nachukua hii. Maharage yapo Muze, kule bondeni, ghalani kwa Mzee Modesti. Lori lile linateremka sasa hivi, panda ukayachukue. Ila niachie pikipiki iwe dhamana, maana nakupa magunia kumi na hujanifundisha hata karata moja."

Vitus alimchunguza usoni kutafuta hila. Hakuona furaha, hakuona huzuni. Akampa ufunguo na namba ya simu.

Huko Muze, Mzee Modesti alikuwa mmoja tu, katekista, na ghala lake lilikuwa banda la kuku. Dereva wa lori akadai nauli. Vitus hakuwa nayo, akapewa kazi ya kushusha mabati. Akashusha huku analia, machozi ya kweli, ya kwanza tangu kipaimara. Mbele yake kulikuwa na mlima mzima wa kupanda kwa miguu, na juu yake mji uliojaa watu aliowalaghai, naye hana tena cha kuwakimbia.

Ndipo simu ikalia. Ujumbe wa Mama Asnath: "Mwanangu, pikipiki yako imegoma kuwaka. Kuna swichi umeificha?"

Nusura Vitus amkumbatie katekista. Swichi ilikuwepo kweli, tena mahali ambapo aliamini hakuna fundi angepafikiria. Akaandika upesi: "Ipo, mama, ila haielezeki kwa maandishi. Nitumie nauli nije nikuonyeshe mwenyewe."

Akaketi juu ya mabati, akafuta machozi, akaanza hata kupiga mluzi. Jibu halikuchelewa.

"Asante, mwanangu, usijisumbue. Imeshawaka. Nimepata video ya bure."