Tundu la Monita na Nadhiri za Sharon

Jumatatu, 12 Agosti 2024
Alhamisi mdogo wangu Sharon anaweka nadhiri za usista huko Songea. Misa itarushwa mtandaoni. Mama miguu haimruhusu kusafiri, na macho yake kwenye simu hayaoni kitu. Shemeji Eustaki, mume wa dada, katangaza mama apelekwe kwake, eti ana televisheni kubwa. Thubutu. Mwana wa kiume nipo. Nina laptop, na monita pana niliyonunua Kasesya, kule mpakani. Umekosekana waya tu. Nimemwahidi mama atamwona Sharon hadi kope.

Jumanne, 13 Agosti
Nimenunua waya wa HDMI. Upande wa laptop umeingia kama ugali wa ulezi kooni. Upande wa monita umegoma. Tundu linafanana kabisa, ila kona moja imezibwa. Nikaenda kwa fundi Cornelia sokoni, nikasema namuulizia rafiki. Akasema hilo ni tundu la DisplayPort. Hata waya ungeingia, monita haitaielewa picha ya laptop bila adapta ya kuigeuza, na adapta mpaka iagizwe Mbeya. Akaonya rafiki yangu asilazimishe. Huyu dada anataka kuuza adapta tu.

Jumatano, 14 Agosti
Nimeisaga ncha ya waya kwa tupa ya majembe. Umeingia! Monita ikabaki nyeusi. Nikavuta waya, hautoki. Mama akauliza vipi, nikajibu mashine inapasha mwili, si unajua baridi yetu. Akaenda kuifunika kwa khanga yake. Maskini mama yangu.

Alhamisi, 15 Agosti
Mama kavaa kitenge cha Pasaka, kakaa mbele ya monita tangu asubuhi, rozari mkononi. Chai ikanishinda. Misa ilipokaribia nikamwambia ukweli, nikampigia Eustaki aje amchukue. Akafika mbio na bodaboda, lakini wimbo ulishaanza, mama akakataa kuinuka. Basi tukaibeba laptop, mimi huku, shemeji kule, tukaisogeza hadi puani pake. Sharon akapiga magoti, uso ukajaa kioo. Mama akamwekea kiganja shavuni, akasema kakonda, wanampa nini huko. Tukalia wote watatu. Eustaki hakunisimanga hata kidogo. Nilimpenda, na iliniuma.

Ijumaa, 16 Agosti
Jumuiya imesali kwetu. Mwenyekiti akauliza nani ataonyesha picha za nadhiri kanisani Jumapili, kwa projekta. Mama akasema mwanangu huyu, ndiye aliyeniletea Sharon nikamgusa. Watu wakapiga makofi. Eustaki akainamisha kichwa. Nimekubali. Projekta sijawahi kuishika, ila tundu ni tundu, na mama keshasema.