Kahawa Kabla ya Jibu

Jumapili, 4 Mei

Balaa! Mpwa wangu Ghaith anataka niwe msemaji wa posa yake Ijumaa. Mimi, ambaye sauti hunikatika nikiona watu wamenikodolea macho! Nikikataa, shemeji yangu Dhirgham atasema badala yangu, na mji wetu mzima wa Irbid utajua nani mwanamume.

Nimekwenda kwa Daktari Rudayna, anayetibu watu kwa mazungumzo. Akauliza ni wazo gani hunijia. Nikamwambia: watanicheka. Akataka ushahidi. Sina, maana sijawahi kusimama! Akasema tatizo ndilo hilo: wazo huzaa hofu, hofu hunikimbiza, na nikikimbia sipati kujua kama wazo lilikuwa kweli. Amenipa kazi: nijiaibishe makusudi, kidogo kidogo, nitabiri kwanza litakalonipata, kisha nione. Mama huyu ana vitimbi kunishinda.

Jumanne, 6 Mei

Nimeingia duka la kunafa, wauzao vitamu tu, nikaagiza falafeli za dengu kwa sauti. Utabiri: kicheko, kisha kuzirai. Kilichotokea: muuzaji akasema, "Falafeli jirani, ami. Lakini hutoki hapa mdomo mtupu," akanipa kipande. Basi! Hofu imepungua.

Hata hivyo, kinga ni bora kuliko tiba. Nimenunua kidude cha sikioni. Rafiki wa Ghaith atanisomea hotuba kwa simu. Daktari akasema hilo ni gongo, nikiling'ang'ania sitajua kama miguu yangu ni mizima. Nimemwahidi kuliacha. Nitalificha chini ya kilemba.

Ijumaa, 9 Mei

Sebule imejaa wazee. Abu Hazim, baba wa binti tunayemposa, akaniwekea kahawa. Kwa desturi ya posa, msemaji haigusi mpaka ombi likubaliwe. Hata mtoto anajua. Kidude kikazima. Nikanyakua kikombe. Nikainywa!

Dhirgham akatabasamu. Ghaith akawa rangi ya ndimu. Maskini, amempenda Rima tangu chuoni, na mimi nimemharibia! Iliniuma kweli. Nikasimama, nikasema nimekunywa kwa sababu naogopa watu, ila mpwa wangu haogopi kitu isipokuwa kumkosa Rima.

Wakacheka, wote! Ndilo hasa nililotabiri, na sikufa. Abu Hazim akafuta machozi: "Mwongezeeni kahawa! Kikombe ameshamaliza, binti tutamnyima vipi?"

Jumamosi, 10 Mei

Daktari ameuliza nimejifunza nini. Nimefikiri sana. Sijawahi kusema vizuri kama jana, na kidude kilikuwa kimekufa. Kosa liko wazi: kidude kimoja hakitegemeki.

Harusini nitavaa viwili.