Korali Ndani ya Migomba

Jumamosi asubuhi Hamdu alifika kwenye benchi la kahawa la Swaleha, hapa kambi ya wakimbizi ya Nakivale, simu mkononi na habari mdomoni. Hamdu ni muuza vitambaa wa Mbarara anayekuja kambini siku za soko, na sisi tunamwita Satelaiti kwa sababu kila linalotokea duniani hupita kwake kwanza. Safari hii alikuwa amesoma kwamba Waingereza waliwahi kupaka magari ya jeshi rangi ya waridi ili yasionekane jangwani, na kwamba huko Berlin vifaru vilichorwa miraba myeupe, ya kijivu na ya kahawia, vifanane na kuta za nyumba.

Swaleha, akimimina kahawa ya tangawizi, alisema kama kifaru kinaweza kuwa nyumba, basi naye wamletee kimoja, maana nyumba yake inavuja. Bonaventure, fundi cherehani kutoka Uvira, Kongo, tunayemwita Santimetre, akashauri jeshi la kwao lipake magari rangi ya matope. Hamdu akamjibu kwamba barabara za kule zimeshaifanya kazi hiyo bure. Mimi nikasema huku kwetu gari la vita livalishwe pembe, lisimame kwenye malisho ya Masha kama ng'ombe. Afande Kabanda, polisi ambaye hunywa kahawa hapa akiwa mapumzikoni, alitikisa kichwa. Masha, alisema, kila mtu anajua ng'ombe wa jirani yake; kabla ya saa sita wangekuja kuuliza huyu ni wa nani na mbona hacheui.

Tulikuwa bado tunacheka pale Mama Marie, kiongozi wa korali, yaani kwaya ya kanisa, alipotokea na furushi kichwani. Hakusalimia. Alilifungua juu ya benchi, nguo kumi na nane zikamwagika: kijani cha majani, mabaka ya kahawia, mabaka meusi.

"Papa Bonaventure," alisema polepole, "asante kwa kushona. Sasa uniambie: tunaenda kuimbia Mungu ao tunaenda ku vita?"

Afande aliweka kikombe chini. Hapa hakuna asiyejua kwamba raia haruhusiwi kuvaa nguo inayofanana na ya jeshi. Na kesho yake korali ilikuwa inakwenda kuimba Kamukuzi, Mbarara, mara ya kwanza kwa korali ya kambini kualikwa mjini. Walikuwa wamefanya mazoezi miezi mitano. Sare nyingine hawakuwa nayo, na njiani kuna kizuizi cha polisi.

Santimetre alieleza kosa lake huku akiangalia vidole vyake. Mwalimu wake kule Uvira alimfundisha kuchagua kitambaa kwa kukipapasa, macho yakiwa yamefungwa, kwa sababu rangi hupumbaza fundi. Alipofika dukani kwa Hamdu alifumba macho kama kawaida, na hakuyafumbua mpaka kitambaa kilipofungwa kwenye karatasi. Kisha alishona siku tatu bila kuona ubaya wowote.

"Vidole viliniambia hii ni pamba ya muzuri sana," alisema. "Rangi, havikusema kitu."

Hamdu, ambaye biashara yake nayo ilikuwa mashakani, aliapa kuwa hayo ni majani ya matoke, na ile kahawia ni ndizi iliyoiva kupita kiasi. Afande alisema yeye anaona batalioni. Walibishana mpaka kahawa ikapoa, kisha Satelaiti akaja na wazo: nyuma ya benchi kuna shamba la migomba, korali ivae, iingie humo, na Afande aitafute.

"Sawa," Afande alisema. "Mimi nikiwaona, hiyo ni nguo ya kanisa, muende. Nikikosa kuona, hiyo ni ya jeshi, nachukua yote."

Baada ya nusu saa watu kumi na wanane waliingia shambani kwa mistari, sopurano mbele, besi nyuma. Afande aligeuka na kuhesabu mpaka mia. Sijawahi kuomba kwa moyo wote namna ile kwamba watu washindwe kujificha.

Akageuka. Migomba mitupu. Alitembea ukingo mmoja hadi mwingine, akarudi, akawapita besi hatua moja tu pasipo kuwaona. Santimetre alijifunika uso. Hamdu, muuzaji hata kwenye msiba, aliniambia sikioni kwamba kitambaa hicho ni bora kuliko alivyodhani. Afande akatoa daftari.

Ndipo mgomba mmoja ukaguna. Ulikuwa mguno mdogo, wa sopurano anayetafuta sauti. Mgomba wa pili ukampokea. Baadaye Mama Marie alituambia kwamba tangu korali ianzishwe hawajawahi kusimama kwa mistari kisha wakanyamaza; hawajui kunafanywaje. Kufikia ubeti wa pili shamba zima lilikuwa linaimba na kupiga makofi, majani yanacheza, mbuzi wanakimbia, na wanawake waliokuwa kwenye foleni ya maji wameacha madumu yao na kuja wakipiga vigelegele. Besi mmoja alikuwa nje ya wimbo kabisa, lakini kwa furaha.

Afande alisimama na kalamu hewani mpaka wimbo ukaisha.

"Askari akijificha, ananyamaza," alisema. "Hawa dakika tano imewashinda. Hii si jeshi." Akafunga daftari.

Mama Marie alitoka kwenye migomba akihema, jani limemkwama kitambaani. Hakuwa na haraka ya kushangilia. Aliuliza habari ya kesho, kwamba kizuizini kutakuwa na polisi mwingine, na yule hatakuwa na shamba la kuwajaribia.

Afande alirudisha daftari mfukoni.

"Muanze kuimba kabla gari haijasimama," alisema. "Mimi nitampigia simu, nitamwambia afungue dirisha la kibanda chake asikie. Lakini yule besi wa nje ya wimbo, mama, huyo mumfunge mdomo. Akisikia huyo peke yake, atajua hiyo sauti ni silaha."