Jemadari wa Milango Arobaini

Sogeeni, enyi wenye masikio, ketini mtulie, kwa maana leo zinasimuliwa habari za Jemadari wa Milango Arobaini, msimamizi wa jengo la vyumba vya kupangisha ambamo watu huweka mizigo isiyoenea majumbani. Shujaa aliyeitawala ngome yake miezi saba kwa kidole kimoja, kupitia simu, bila kuikanyaga hata siku moja.

Kila asubuhi Jemadari huyo, akiwa na bukta na soksi zisizofanana, aliketi jikoni kwake, akakoroga chai mara tatu, kisha akaikagua milango yake yote kwenye kioo cha simu. Asubuhi moja, hajamaliza kukoroga mara ya pili, simu ikalia.

"Shikamoo, Shangazi."

"Marahaba, baba. Mlango umenikatalia. Nimebonyeza namba yangu mara tatu, sasa haupokei namba yoyote, taa inawaka nyekundu kama jicho la mlevi. Vyerehani vyangu vitatu vimo humo ndani, na saa nne wasichana ninaowafundisha wana mtihani wa ushonaji. Msimamizi wa mtihani hasubiri mtu."

Huyu ndiye shangazi aliyemlea, fundi wa nguo, aliyehamishiwa chumba hicho juzi tu. Mizigo yake waliingiza vibarua. Saa ilikuwa tatu na dakika tano.

"Namba zilibadilika jana! Nilitangaza kundini!"

"Kundi lipi, baba?"

Jemadari akalifungua simuni lile kundi la wapangaji, alikohutubia aya kumi na moja. Kumbe wapangaji walikwisha kujitoa, mmoja baada ya mwingine, kwa kuchoshwa na hotuba zake, akabaki yeye peke yake, mfalme asiye na raia, na chini ya tangazo lake alikuwa amejipongeza mwenyewe. Hilo hakulisema. Majemadari hawakiri mambo madogo.

"Usihofu!" akanguruma. "Kwa uwezo wa kidole hiki, kufuli itanyenyekea! Itafunguka sekunde kumi tu. Ikilia, sukuma!"

Vita vikaanza. Kidole kikashuka kama radi. Huko mbali kufuli ikalia ti-ti. Shangazi, mwanamke wa miaka sitini na miwili, akaupiga mlango bega. Mlango haukutikisika. Sekunde kumi zikaisha, kufuli ikajifunga.

"Sukuma kwa moyo, Shangazi!"

"Moyo ninao. Bega ndilo linaniishia."

Mara ya pili, ya tatu, ya nne. Kufikia mara ya tano Jemadari alikuwa amepanda juu ya kiti, simu ameinua kama upanga, akiamrisha mashambulizi ambayo maumivu yake yote yalimwangukia mwingine.

"Hebu niambie," Shangazi akasema akihema, "mlango huu unasukumwa, au unainuliwa?"

Jemadari akashuka kitini. Mtawala wa milango arobaini hakujua hata mmoja unafunguka kuelekea wapi.

"Jaribu... kuinua," akasema, kwa sauti ya mtu aliyeteremshiwa ufunuo.

Ti-ti. Bati la mlango likakwaruza, likapanda juu. Saa tatu na dakika ishirini na tano.

Lo, ushindi gani huo! Jemadari akapiga meza ngumi, chai ikaruka. "Iandikwe!" akapaza sauti. "Vizazi visome kwamba ngome ilifunguliwa na mtu ambaye hakutoka jikoni kwake!" Na kichwani tayari alikuwa anaitunga taarifa ya aya kumi na mbili, itakayosomwa na yeye.

"Umemaliza?" Shangazi akauliza.

"Nimemaliza. Ushindi huu ni wako pia, Shangazi."

Shangazi akaongea taratibu, kama mtu anayetafuta pa kushika.

"Basi nisikilize. Nilipokupigia nilikuwa naona haya kukuomba, maana siku hizi umekuwa mtu mkubwa. Vyerehani hivi ni vya chuma, mimi peke yangu siviwezi, na unakaa dakika kumi tu kutoka hapa. Sikutaka kidole chako, baba. Nilitaka uje tubebe."