Uso wa Aunti Katunge, Mstari wa Pili

Jumatatu, 10 Machi 2025

Kamati ya mazishi imekaa leo kwa marehemu Aunti Katunge. Watu kumi na wanane chini ya turubai. Chai ya rangi. Mazishi ni Jumamosi.

Aunti ni dada mkubwa wa mama yangu. Ndiye aliyenilea tangu darasa la pili. Alikuwa akisema mimi nina akili nyingi, ila haijulikani huwa ziko wapi zikihitajika. Nimelia wakati wa maombi. Sikujificha.

Kisha likaja jambo la picha. Aunti hakupenda kupigwa picha. Ukiinua simu, anajifunika leso. Ile ya kitambulisho imefutika, yamebaki masikio. Iko moja tu, ya kwaya ya akina mama, mwaka wa 1998, wamesimama mistari minne kwenye ngazi za kanisa. Aliiweka ndani ya Biblia yake. Imepauka, na uso wake humo ni mdogo kama punje ya ndengu.

Binti yake Kavata amekuja kutoka Doha. Miaka minne hakumwona mama yake, na sasa amefika kumzika. Alisimama akasema hataki makubwa. Anataka uso wa mama kwa fremu mbele ya jeneza, na juu ya kijitabu cha mazishi. Baadaye arudishiwe ile karatasi yenyewe, aende nayo, kwa sababu mama aliishika. Anarudi kazini Jumanne.

Nthiwa wa studio akainua mkono. Ana skana, ana printa, ana kiti cha kuzunguka. Akasema hiyo ni kazi ya dakika kumi. Dakika kumi! Kwa uso wa Aunti Katunge! Nikasimama kabla hajakaa. Nikaeleza kamati kwamba nimesomea kuandika programu za kompyuta kwa mtandao, miezi mitatu, cheti ninacho. Kwamba programu yangu itamtoa Aunti kwenye kwaya, imsafishe, imkuze, kitaalamu. Mwenyekiti, mzee Kimeu, akauliza kama Jumamosi itakuwa tayari. Nikasema Jumatano.

Kavata akanipa picha kwa mikono miwili. Akasema, "Ndolo, hii ndiyo peke yake."

Namtunzia kama yai.

Jumanne, 11 Machi

Asubuhi nimepeleka picha shule ya msingi, karani akaniwekea kwa skana. Sikutaka skana ya Nthiwa. Sasa picha iko ndani ya laptop yangu, ambayo niliachiwa na mwalimu aliyehamishiwa Kyuso. Ni nzee lakini ina adabu.

Lugha ninayoandikia inaitwa Python. Yenyewe haijui picha ni nini. Lazima uiletee maktaba ya picha, yaani kazi ambayo wenzako duniani walishaifanya, ikaja kwa mtandao kwa amri moja. Amri moja tu, mwalimu wa kozi alisema hivyo.

Netiwaki ya huku kwetu inashika nyuma ya kanisa, karibu na tangi la maji. Nikakaa kwa jiwe. Nikaandika amri. Kompyuta ikajibu haijui amri kama hiyo. Nikaandika tena kwa upole. Haijui. Saa tatu nzima! Mwishowe nimegundua kuna kisanduku kidogo sikukiwekea alama siku ya kwanza nilipoweka Python. Nimetoa kila kitu, nimeanza upya. Bando likaisha katikati.

Nduku anayefagia kanisa aliniona nimeinama, kichwa mikononi. Akaenda kuwaambia akina mama kwamba kifo cha Katunge kimeniangusha. Wameniletea uji na viazi vitamu. Nimekula. Mfiwa hakatai.

Jumatano, 12 Machi

Imeingia! Kompyuta imeandika kwamba maktaba imewekwa kikamilifu. Nimesoma mara tatu. Nimesimama.

Nikafungua programu yangu. Ikasema hakuna maktaba hapa.

Ajabu. Kumbe nina Python mbili ndani ya laptop moja, ya mwalimu na yangu. Mzigo nimeshusha nyumba moja, halafu nabisha hodi nyumba ya pili. Dawa ni kuondoa moja. Nimeondoa moja. Nimeondoa ile iliyokuwa na maktaba.

Nthiwa akapita na pikipiki, akazima, akauliza kazi inaendeleaje. Nikamwambia niko hatua za juu. Akasema hana ubaya na mimi, ila siku zinakwisha. Nimpe hiyo karatasi aende nayo studio na kurudi, hata jina lake lisitajwe. Ujanja gani huo! Nikamwambia karatasi haitoki mkononi mwangu. Akatikisa kichwa, akaenda.

Mzee Kimeu amenipigia mara mbili. Nimemwambia Jumatano niliyosema haikuwa lazima iwe hii.

Alhamisi, 13 Machi

Siku ngumu. Nimeiita maktaba tena kwa Python iliyobaki, ikasema laptop yangu ni ya zamani, na yenyewe haina mzigo uliofungwa tayari kwa kompyuta kama hiyo. Ikaanza kujijenga yenyewe papo hapo. Ikadai vyombo vya kujengea. Nikaleta vyombo. Vyombo vikadai vyombo. Maandishi mekundu yakashuka mpaka nikasahau tulianzia wapi. Nilitaka kutupa laptop ndani ya tangi, lakini ni maji ya kanisa.

Saa tisa nikapata dawa. Nikatafuta toleo la kale la maktaba, la umri wa laptop. Wakapatana kama wazee wa kijiji kimoja. Nikafungua picha ya kwaya. Ikafunguka! Nikapiga ukelele. Nduku akaja mbio, akaniwekea mkono kichwani, akaniombea robo saa nipewe nguvu. Nilimwacha. Ni mama mzuri, na mimi nilihitaji.

Jioni nikampigia Kavata nijue Aunti yuko wapi hasa, maana kwa kwaya wote wamevaa kitambaa cheupe, wote wamefungua mdomo. Akasema mstari wa pili, wa tatu kutoka kushoto. Nikauliza wa pili kutoka wapi. Akashangaa. Kutoka chini, akasema, kama matuta. Sawa kabisa. Sisi huku milimani matuta ya shamba tunahesabu kutoka mtoni tukipanda. Tuta la kwanza ndilo lililo karibu na maji. Hata mtoto anajua.

Akauliza kama aje anionyeshe kwa kidole. Nikamwambia asijisumbue, kompyuta haihitaji kidole. Nikachukua rula.

Ijumaa, 14 Machi

Mistari kumi na mmoja ya programu. Nimeiandika asubuhi kwa mkono thabiti. Kata hapa, kuza, ondoa ukungu, ongeza mwanga. Nimepima mstari wa pili kwa rula, kutoka chini, nikageuza kuwa nukta za picha, nikaipa kompyuta hesabu. Ikafikiri kidogo.

Ikatoa uso.

Nimelia mpaka nikafungua shati nijifute. Kitambaa cheupe, mashavu yenye afya, kijana kabisa. Sikuwahi kumjua Aunti akiwa kijana. Nilikaa naye pale nyuma ya kanisa dakika nyingi, nikamwambia pole kwa yule ng'ombe wake niliyempoteza, na asante kwa karo. Nilijisikia mtu aliyelipa deni.

Nimetuma kwa mchapishaji wa mji wa Wote. Vijitabu mia tatu na fremu moja kubwa. Mzee Kimeu aliomba aone kwanza. Nikamwambia ataona kesho pamoja na umma. Kazi ya fundi haionjwi kama mchuzi.

Jumamosi, 15 Machi

Nitaandika yaliyotokea kwa utulivu.

Mzigo kutoka Wote ulifika kwa pikipiki wakati kwaya inaimba. Nikafungua fremu mwenyewe, nikaitembeza mbele ya watu kichwa juu, nikaisimamisha juu ya jeneza. Vijitabu vikagawanywa. Nikarudi nyuma na kungoja.

Kukawa na mnong'ono. Ukaanza kwa viti vya mbele, ukasambaa. Nilidhani ni ubora wa picha.

Kuna mama anaitwa Kanyiva, jirani wa Aunti kwa upande wa juu. Waliimba pamoja, kisha wakakosana kwa sababu ya maji ya mvua kutoka tuta la mmoja kuingia kwa mwingine. Miaka kumi na mitatu hawakusalimiana. Leo alikuja akakaa kiti cha mwisho kabisa. Kijitabu kikamfikia. Akakitazama. Akavaa miwani, akakitazama tena. Uso juu ya kijitabu, na tarehe ya kuzaliwa na ya kufa chini yake, ulikuwa uso wake.

Alisimama, akaja mbele akitembea polepole. Pasta akampisha. Akashika ukingo wa jeneza.

"Huyu ni mimi," akasema. "Mimi niko hapa. Aliyelala ni Katunge, na sikumwambia kitu."

Akalia. Hapo ndipo watu walipolia kweli, hata wachimba kaburi. Mtu akaondoa fremu. Tukamzika Aunti bila uso.

Kavata alinikuta kando ya jiko. Hakupaza sauti. Ningependa angepaza.

"Ndolo, ulimtazama?"

Nikamwambia nilimtazama. Nikamwambia hata nililia.

Akasema asante, akaenda kugawa sahani. Mimi nimekula muthokoi, mahindi yetu ya kukoboa, nimesimama.

Jumapili, 16 Machi

Sikwenda kanisani. Nilikuwa nyuma yake, kikazi.

Nimepata chanzo. Maktaba ya picha inahesabu kutoka juu! Kona ya juu ndiyo mwanzo, halafu inashuka. Imeandikwa kabisa kwenye maelezo yake, ukurasa wa kwanza, lakini nani husoma ukurasa wa kwanza? Mstari wangu wa pili kutoka chini, kwake ni wa pili kutoka juu. Kanyiva alikuwa amesimama pale pale, nyuma ya Aunti, ngazi moja juu.

Nani anahesabu kutoka juu? Anaishi wapi huyo mtu? Maji anachota wapi? Nimewaandikia wenye maktaba barua kwa adabu, kuwashauri wahesabu kutoka mtoni.

Niliposhuka nimepita kwa kina Kavata. Kanyiva alikuwa huko, amejifunga leso kiunoni, anasugua sufuria za matanga. Wanasema alifika alfajiri na hajaketi. Kavata alikuwa anamsikiliza akisimulia jinsi Katunge alivyokuwa akicheka. Sikuingia. Lakini nimetafakari. Miaka kumi na mitatu pasta na wazee walishindwa kuwapatanisha hao wawili. Programu yangu imefanya kwa siku moja. Hilo kamati haijalitaja popote.

Jumanne, 18 Machi

Kavata anaondoka leo. Gari la kumpeleka uwanja wa ndege linatoka kwao saa nane. Jana alimtuma Nduku aniambie hahitaji tena uso mkubwa wala fremu, nimletee tu karatasi ya kwaya kama ilivyo. Alisema "kama ilivyo" mara mbili, Nduku ni shahidi.

Nimeguswa. Anajishusha kwa sababu hataki kunisumbua. Lakini mimi nilimpenda yule mama, na siwezi kumwachia binti yake aende na punje ya ndengu iliyopauka. Nataka kumpa uso. Safari hii hakuna rula, hakuna kuhesabu. Iko maktaba nyingine, kubwa zaidi, inayotambua nyuso yenyewe. Unaionyesha mtu, inamtafuta. Nimepanda tangini tangu saa mbili asubuhi na bando jipya. Karatasi iko hapa gotini, nailinda na upepo.

Saa nne. Asilimia thelathini.

Saa sita. Asilimia hamsini na tano. Nthiwa amepanda mlima kwa miguu, jasho, hata pikipiki hakuja nayo. Akasema nimpe karatasi aikimbize kwa Kavata, mimi niendelee na mashine yangu kwa amani, na sifa zote ziwe zangu. Nimemtambua. Anataka aonekane ameileta yeye. Nikamwambia naileta mwenyewe, pamoja na uso. Akakaa kidogo kwa jiwe langu. Kisha akasema, "Ndolo, yule ni mama ya mtu." Nikamwambia ndiyo maana.

Saa nane kasoro robo. Asilimia themanini na nane.

Saa nane. Honi. Nimejibu kwa kupunga mkono, ingawa kutoka huku hawanioni. Asilimia tisini na moja.

Honi tena, ndefu. Kavata ana subira, alimngoja mama yake miaka minne. Mimi namwomba dakika kumi tu.

Gari limewaka. Linashuka mlima. Nadhani wanatafuta mahali pa kugeuzia.