Jinsi Mji wa Tolverton Ulivyopoteza Uongozi Ghorofa ya Kumi na Nne

Kwa mamlaka niliyonayo, nautangazia umma kwamba kwa siku thelathini na moja mwaka huu, mji wa Tolverton, Marekani, uliongozwa kikamilifu kutoka ghorofa ya kumi na nne ya hoteli yetu hapa West Bay, Doha. Mimi, Levis, Afisa Msaidizi wa Itifaki, nilishuhudia. Wenye wivu husema kazi yangu ni kufungua milango ya kumbi. Sawa, lakini milango haijifungui.

Tolverton ina watu elfu nne na njia panda moja. Baraza la mji limeijadili njia panda hiyo miaka kumi na mmoja: iwekwe taa au raundabauti, yaani mzunguko wa magari? Jambo zito kama hilo haliamuliwi kwa pupa. Kwa hiyo Meya Bradley, madiwani wake wote sita na katibu wa mji, Bi Hannah, walikuja Doha siku kumi kukagua raundabauti. Siku ya kumi wakatambua kwamba hawajazikagua kutoka juu. Wakaongeza kumi. Kisha wakaongeza nyingine kumi, maana bwawa la kuogelea liko juu.

Ili ujumbe usikose huduma, hoteli iliamuru kwamba hakuna mfanyakazi kwenda likizo mpaka wageni waondoke. Tangazo nililibandika mwenyewe, kwa rula.

Gakii, anayesafisha ghorofa hiyo, akanifuata.

"Bosi Levis, si tiketi yangu ni ya Jumamosi? Mama anapasuliwa macho Jumatatu, huko nyumbani Nkubu, Kenya. Amekataa kuingia kwa daktari kama sipo."

"Gakii, suala lako linashughulikiwa."

"Na nani?"

"Na wahusika."

"Wahusika ni wewe, bosi."

Nikamwambia asivuruge itifaki.

Jana yake ujumbe ulikuwa umeonja keki mpya ya tende, hivyo ukahitaji wiki tatu zaidi. Lakini Meya Bradley ni mtu wa sheria. Sheria yao inataka uamuzi wa namna hiyo upitishwe kwenye kikao cha wazi, mbele ya wananchi wasiopungua wanne.

"Nitafutie wananchi," akaniagiza.

Nikamletea walinzi wawili, dereva mmoja, na Gakii na mopu yake. Nikawaonya: wakiulizwa kama wana neno, hawana. Meya akampa kila mmoja kijitabu cha katiba ya mji. "Demokrasia ni kusoma," akasema, na madiwani wakacheka kwa upendo.

Kikao kikafunguliwa saa kumi alasiri, katika ukumbi wa ghorofa hiyo hiyo. Njia panda ilipewa dakika moja, keki arobaini. Muda wote huo Gakii aliegemea mopu, kidole chini ya mstari, akisoma kama mtu aliyewahi kutia sahihi mkataba bila kuusoma, akaapa kwamba haitatokea tena.

"Kuna mwananchi mwenye neno?" Meya akauliza, huku tayari ameinua nyundo.

Gakii akanyoosha mkono. Nilimkazia macho. Hakuniona.

"Ukurasa wa tisa," akasema, kwa Kiingereza kilichonyooka kuliko changu. "Meya au diwani akikaa nje ya mji siku thelathini mfululizo, kiti chake kiko wazi. Vitanda vyenu natandika mimi. Leo nimetandika mara ya thelathini na moja."

Meya akacheka, akamgeukia katibu. Bi Hannah alisoma, akavua miwani, akaifuta, akasoma tena.

"Ni kweli, Bwana Bradley."

Hakumwita Meya. Kila mtu alisikia.

"Nani alipitisha upuuzi huu?"

"Ninyi, miaka minne iliyopita. Mlikuwa mnamwondoa diwani aliyekwenda kumuuguza mkewe."

Madiwani wakatazama keki. Mimi nilifanya kile ambacho itifaki inadai: ujumbe haupo tena, basi nikafungua mlango.

Gakii alitoka na fomu yake ya likizo. Alinikuta kwenye lifti.

"Ujumbe khalas, umekwisha, bosi. Tia sahihi."

Nikatia. "Msalimie mama," nikasema, na ilikuwa mara ya kwanza kumwambia neno lisilo la kiofisi.

Niliporudi ukumbini, Bi Hannah, ambaye kisheria ndiye aliyebaki kuuongoza mji, alipiga simu Tolverton kwa spika, sote tusikie. Kwao kulikuwa asubuhi. Alihofia taharuki. Bradley alisimama karibu naye, ameshika tai. Simu ikapokelewa na mama mmoja anayefagia ofisi za mji.

"Nina habari nzito," akasema Bi Hannah. "Meya na madiwani wote hawapo madarakani. Wamekuwa Doha mwezi mzima."

Ufagio ukasikika ukiendelea.

"Doha?" akasema yule mama. "Sisi tulidhani bado wako kwenye kikao."