Chumba Changu na Kondoo wa Metito

Jumatatu, 4 Agosti 2025

Shule zimefungwa. Amani nayo imefungwa.

Leo nimetoka bafuni nikampata Ciku chumbani kwangu na futi ya mama yake, anapima dirisha. Ciku ni mjukuu wangu, miaka kumi na tatu, amebeba jina la marehemu mke wangu. Marehemu naye alikuwa mtu wa kupima vitu. Nikamuuliza anapima nini. Akasema pazia. Nikamwambia mimi niko na pazia. Akasema hilo ni gunia.

Ni gunia, lakini safi.

Wakati wa chakula cha jioni mambo yakatoka. Judy, bibi ya kijana wangu, akasema Ciku sasa ni msichana mkubwa. Hawezi kuendelea kulala chumba kimoja na Ndung'u mdogo, ambaye ana miaka tisa na anafuga panzi ndani ya soksi. Ati Ciku anahitaji praivasi. Nikauliza hiyo praivasi inakula nini ili nikaitafutie. Hakuna aliyecheka isipokuwa Ndung'u mdogo, na huyo amepewa jina langu, kwa hivyo ni mimi mwenyewe nilicheka.

Mpango wao ni huu: Ciku achukue chumba changu. Mimi nihamie kwa Ndung'u mdogo, yeye alale kitanda cha juu cha dabo deka, mimi cha chini. Judy alisema godoro la chini ni jipya. Kijana wangu Wachira alikuwa anaangalia sahani yake kama mtu anayesoma gazeti. Itaamuliwa Jumapili baada ya kanisa.

Watu hawaelewi. Chumba changu kiko na dirisha la kuangalia geti. Nikikaa pale naona barabara yote mpaka kwa muuza makaa. Najua nani amerudi, nani amenunua kuku, nani amekosana na nani. Mgeni hajagusa geti, mimi nimeshamtangaza. Tangu nitoke Murang'a nije kukaa hapa Kitengela, hiyo ndiyo kazi yangu. Dirisha la chumba cha watoto linaangalia ukuta wa jirani. Nikipelekwa huko nitakuwa mzee wa kuulizwa kama amekula.

Sitoki.


Jumanne, 5 Agosti

Nimeamka na akili!

Zamani kwetu, kondoo dume wa kunoneshwa hakulala zizini. Alilala ndani ya nyumba na watu, kwa kizimba chake, analetewa majani ya viazi vitamu mpaka mkia unakuwa mzigo. Hiyo ni kweli tupu. Niliiona kwa nyanya yangu. Sasa nani atampa msichana chumba kilicho na kondoo?

Nikaenda Kisaju kwa rafiki yangu Metito. Nilimjengea msingi wa tangi la maji mwaka juzi, maana mimi ni fundi wa mawe ingawa magoti yamestaafu, na yeye akaniahidi kondoo. Nikamsalimia kwa Kimaasai, supa, akaitikia ipa, nikamwambia nimekuja kuchukua mnyama wangu. Alinipa haraka sana. Alimfunga miguu mwenyewe. Mtu mwingine angejiuliza kwa nini.

Tumerudi na pikipiki ya Nelson, mtu wa bodaboda, kondoo katikati. Hapo katikati ya safari ndipo nikajua kwa nini. Kondoo anakohoa. Anakohoa kama mwalimu mkuu anayetaka watu wanyamaze. Nelson aliniambia amewahi kubeba abiria wabaya zaidi, lakini si wengi.

Judy alinipata nikimwingiza. Alisimama koridoni. Kwa mila yetu bibi ya kijana haingii chumba cha kulala cha baba mkwe, na hiyo mila Judy anaishika, na mimi naishika kumshinda. Akauliza kwa heshima kubwa, meno yakiwa yamefungwa, baba, huyo ni nini.

Nikamweleza. Msichana wa kwanza akishakuwa mkubwa, guka wake, yaani babu yake, ananonesha kondoo dume ndani ya chumba chake mwenyewe, mpaka mkia uguse chini. Kondoo anachinjwa, msichana anabarikiwa. Kabla ya hapo hakuna kitanda kinahamishwa kwa hiyo nyumba.

Sehemu ya kunonesha ni mila. Ile ingine niliitunga juu ya pikipiki.


Jumatano, 6 Agosti

Ndung'u mdogo amempa kondoo jina. Chifu. Kwa sababu anakohoa kabla ya kusema.

Habari njema: Chifu amekula pazia la Ciku. Lilikuwa jipya, la rangi ya waridi, limechorwa vipepeo. Ciku alikuwa ameliweka kwa kiti changu kama mtu anayeweka bendera kwa nchi ya wengine. Chifu alikula vipepeo saba na robo. Sikumtuma. Nilikuwa naangalia nje tu.

Ciku hakulia. Hilo lilinisumbua kidogo. Aliokota kipande kilichobaki, akakikunja vizuri, akaenda kuchukua simu ya baba yake. Baada ya nusu saa akarudi kunitangazia mbele ya wote kwamba amesoma kila mahali kwa mtandao na hakuna mila kama hiyo. Nikamuuliza huo mtandao ulizaliwa Murang'a mwaka gani.

Wachira alicheka. Judy akamwangalia. Wachira akaacha.

Halafu Judy akatoa neno baya. Akasema basi atampigia babake amuulize.

Babake ni Mureithi wa Matasia. Mzee wa kanisa, mzee wa kamati ya maji, mzee wa kila kitu. Ana umri wangu kasoro miezi miwili, na tangu harusi ya hawa watoto hajawahi kukubali kwamba mimi najua kitu. Akisema hapana, kondoo anatoka, na mimi natoka nyuma yake.


Alhamisi, 7 Agosti

Sikunywa chai. Nilimpa Chifu mkate wangu, akakohoa juu yake, akaula.

Judy alipiga simu saa nne. Mimi nilikuwa koridoni nikitafuta kifungo cha shati ambacho hakikuwa kimepotea. Alimweleza babake yote, kondoo, mkia, vitanda. Kisha akasikiliza. Nikafikiria ile dabo deka.

Nikamsikia anasema, kwa sauti ya mtu aliyeshikwa bega, kumbe. Halafu akasema kumbe tena.

Mureithi amesema ni kweli! Amesema anashangaa Judy haijui. Amesema kwao hiyo mila ilikuwa inafuatwa sana.

Nilirudi chumbani nikakaa kitandani nikacheka na mto mdomoni. Mureithi mwenyewe haijui! Hajawahi kuisikia, na hawezi kusema hajawahi kuisikia. Afadhali Mureithi apoteze meno kuliko aseme kuna kitu cha wazee ambacho Ndung'u anajua na yeye hajui.

Kitu kidogo tu. Judy alisema babake ameongeza kwamba mimi nimesahau nusu. Mila haikamiliki na kondoo mmoja. Upande wa mama lazima pia ulete wake.

Wacha alete. Kondoo wawili wananuka kushinda mmoja.


Ijumaa, 8 Agosti

Nilikuwa wa kwanza kumwona, kutoka dirishani. Pikapu. Mureithi amekaa mbele na kofia, kondoo nyuma. Nikatangaza mgeni kama kawaida yangu. Halafu akashuka, na kwapani alikuwa amebeba mto wa kulalia.

Nikamwambia Ndung'u mdogo akamuulize guka wa Matasia huo mto ni wa nani.

Ni wake. Kwa mila, alituelezea sebuleni akiwa na kikombe cha kwanza cha chai, mwenye kondoo halali mbali na kondoo wake. Wazee wawili, kondoo wawili, chumba kimoja, mpaka mikia iguse chini. Akanigeukia mbele ya watu wote akaniuliza, "Ama kwenu mlikuwa mnafanya aje, mkwe?"

Watoto waliniangalia. Judy aliniangalia. Ciku aliacha kutafuna.

Nilisema kwetu pia ilikuwa hivyo.

Kwa kuwa yeye ni mgeni, amepewa kitanda. Mimi nimeweka godoro la sponji kando. Kondoo wake ni mkubwa, mweupe, kichwa cheusi. Ndung'u mdogo amemwita Naibu.


Jumamosi, 9 Agosti

Kwanza niandike faida, maana mtu akisoma hii asidhani nalalamika. Agosti ya Kitengela ni baridi, upepo unatoka huko tambarare unaingia mpaka kwa mfupa. Chumba chenye kondoo wawili kina joto sana.

Sasa ile ingine. Chifu na Naibu hawaelewani. Baada ya kifungua kinywa walirudi nyuma, kila mmoja kwa kona yake, wakaangaliana kama watu wa mipaka ya shamba, wakaja. Walikutana kwa mlango wa kabati. Kabati sasa haina mlango. Mureithi alisema kondoo wangu ndiye alianza. Nikamwambia kondoo wake amelelewa vibaya, kama wengine wa Matasia. Akaniambia wangu ana kifua. Nikamwambia ni sauti ya mamlaka.

Judy alikuja mbio mpaka kwa kizingiti, akasimama hapo mguu mmoja hewani, kwa sababu ya mila. Alisema mengi kutoka hapo. Hatukuyashika yote kwa sababu ya kikohozi.

Lililoniuma ni moja. Mureithi amevuta kiti changu mpaka dirishani. Siku nzima ananiambia nani anapita. Na anakosea! Amemwita muuza makaa pasta.

Lakini kesho ni Jumapili, na hakuna binadamu mwenye pua atakitaka hiki chumba. Naonja ushindi. Una ladha ya sufu kidogo.


Jumapili, 10 Agosti

Nimeshinda. Nitaandika polepole nisiharibu.

Tulitoka kanisani, tukala, tukakaa sebuleni. Mureithi akafungua na maombi. Alianza na Ibrahimu, na kwa vile Ibrahimu alikuwa na kondoo, alikaa hapo sana. Chai ilipoa. Wachira akasema amina mara mbili kabla ya wakati.

Kisha Wachira akakohoa, akaangalia sahani, akakumbuka hakuna sahani. Akasema jambo ni la chumba. Ni nani ana neno.

Nilikuwa na hotuba. Nilikuwa nimeipanga tangu Jumatatu, na ndani yake kulikuwa na marehemu, na nyumba nilizojengea watu, na mahali ambapo hakika Judy angetoa leso. Sikuifikia. Ciku alisimama. Amevaa gauni la kanisa, mikono nyuma, kama mtu anayesoma tangazo la shule.

"Guka, kaa na chumba chako," akasema. "Sikitaki tena. Mimi nitabaki kile kingine, lakini peke yangu."

Ndung'u mdogo aliuliza yeye ataenda wapi. Ciku akasema yeye ni mwanaume, na hii mambo ya kondoo ni ya wanaume, si ndiyo? Akanigeukia mimi. Akaniuliza kama kwa mila mvulana anaruhusiwa kulala na wazee na kondoo.

Mimi nikaona mlango umefunguka. Kabla Mureithi hajapata pumzi nikasema, kwa sauti ya kusikika mpaka kwa jirani, kwamba si kuruhusiwa tu, analazimishwa. Wanaume wote na kondoo wote chumba kimoja. Mureithi hakutaka kupitwa, akasema na asizidi umri wa miaka kumi. Ndung'u mdogo aliruka mpaka kochi likalia.

Ikaandikwa. Ciku mwenyewe aliandika, kwa daftari, na akatuomba wazee tuweke sahihi. Msichana ana adabu siku hizi. Nilisaini kwa herufi kubwa. Darasa la nne si mchezo.

Sitoki! Nilisema sitoki, na sikutoka.


Jumatatu, 11 Agosti

Naandika haya kutoka chumba changu.

Ciku ameamka peke yake katika chumba kizima, vitanda viwili, kimoja cha kulala na kingine cha vitabu. Amefunga mlango kwa ufunguo. Namhurumia. Ukuta wa jirani hauna habari.

Judy ananiita baba kwa sauti tamu tangu jana. Asubuhi niliwasikia jikoni na Wachira wakicheka mpaka kijiko kikaanguka. Wamefurahi kuona mzee ameridhika. Godoro jipya la dabo deka limeenda kwa Ciku. Wacha aende nalo.

Ndung'u mdogo amehamia na lake, na soksi mbili. Panzi mmoja tayari ameliwa na Naibu. Kulikuwa na kilio, kukawa na mazishi madogo nje.

Kulibaki shida moja, kitanda. Mureithi amekilalia tangu Ijumaa na anasema mkia wa Naibu unahitaji kama miezi sita. Kwa hivyo leo, baada ya uji, nikatumia akili tena. Nikamwambia kwa upole kwamba kuna kitu sikuwa nimemkumbusha: kuanzia siku ya nne, mzee wa upande wa mama hulala chini kabisa, bila godoro, ili kondoo asimwogope.

Mureithi alifunga macho. Akatikisa kichwa pole pole kama mtu anayesikia wimbo wa utoto. Akasema ni kweli, babu yake alimfundisha hiyo, ni vizuri nimeikumbuka. Ila nimegeuza kidogo. Ni mzee wa upande wa baba.

Nikisema hakuna mila kama hiyo, ataniuliza kuhusu zile zingine.

Godoro langu la sponji sasa analilalia Chifu, kwa sababu ya kifua. Mimi niko kwa simiti, na blanketi mbili, Naibu kwa mgongo. Si mbaya. Hata tayari nimefikiria mila nyingine, ya mito, na hiyo hataweza kuigeuza.

Sakafu ni ngumu, sikatai. Lakini ni sakafu ya chumba changu.